Kabla Tanga haijamwaga mabaki ya machimbo kwenye boriti

Kila baada ya muda hutoka utafiti mwingine wa maabara, mara India, mara China au Brazil, na siku hizi hata vyuo vya kwetu Afrika Mashariki, unaoeleza kwamba mabaki ya machimbo yanaweza kuchukua nafasi ya mchanga kwenye boriti za zege. Utaratibu wa tafiti hizi unafanana. Sehemu ya mchanga, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 40, inatolewa na mabaki yanawekwa mahali pake. Boriti inamwagwa, inaachwa siku 28 ikomae, kisha inabebeshwa mzigo mpaka ivunjike, na inaonekana imehimili sawasawa na ile ya mchanga wa mtoni, pengine imezidi kidogo. Habari hizo zikifika Tanga hupokewa kwa namna mbili. Wapo wanaosema tatizo la mchanga limekwisha, tuanze kesho. Wapo wanaosema uchafu wa mgodini hauwezi kuingia kwenye nyumba anayolala mtoto wa mtu. Naona wote wawili wanabishania swali ambalo si lenyewe. Boriti kubeba mzigo baada ya siku 28 ndilo jambo jepesi kuliko yote katika suala hili. Mazito ni kujua mabaki hayo yametoka shimo gani, yana nini ndani, na nondo zilizofunikwa humo zitakuwa na hali gani baada ya miaka 20 ya upepo wa bahari. Ukilipima suala kwa namna hiyo, utaona kuwa Tanga ina mabaki yake ambayo ingepaswa kuanza kuyatumia sasa kwa utaratibu, yaani vumbi la kokoto la mawe ya chokaa. Ina na mabaki mengine, marudio ya dhahabu ya Kilindi na Handeni, yaani mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa dhahabu na wachimbaji wadogo, ambayo hayatakiwi kukaribia zege lenye nondo.

Haja yenyewe ni ya kweli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilieleza mwaka 2022 kwamba dunia inatumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Kwa mkoa wetu takwimu hiyo haiko mbali. Bandari imejengwa upya na kuongezwa kina. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilometa 1,443. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ni kilometa 256, na ndani yake kuna daraja la Pangani la mita 525. Huko nyuma ya miradi hiyo ziko nyumba za watu wa kawaida zinazosogea kuelekea Kange na Pongwe, na kila moja inataka linta, mkanda na boriti. Mchanga wa yote hayo unachukuliwa mahali fulani. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya jiji yanatoka hapo. Mto unaochimbwa kingo huleta tope bwawani. Mchanga unaochotwa mtoni ndio huohuo ambao ungeteremka hadi ufukweni na kulisha pwani, na Pangani tayari kumelazimika kujengwa ukuta kuizuia bahari isiingie mjini. Kwa hiyo simwelewi anayesema hakuna haja ya kutafuta mbadala. Haja ipo, na inaongezeka.

Tuitazame boriti yenyewe, maana hapo ndipo tafiti zinaposomwa vibaya. Boriti ikibebeshwa mzigo inapinda kidogo: upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Zege linaweza kubanwa lakini kuvutwa haliwezi, ndiyo maana nondo nene zinalazwa chini. Chukua boriti ya kawaida ya nyumba ya ghorofa moja, upana milimita 230, yenye nondo tatu za milimita 16 zilizokaa milimita 400 kutoka juu. Piga hesabu kwa kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wetu wengi wamezisomea, kwanza kwa zege la gredi 25, kisha kwa zege lililodhoofika hadi gredi 20. Zege limepoteza sehemu ya tano ya nguvu yake, lakini uwezo wa boriti kuhimili kupinda umeshuka kwa asilimia 3 au 4 tu. Hapo anayeamua ni nondo, na nondo hazijabadilika. Unaweza kuharibu zege kwa kiasi cha kumtia hofu mhandisi yeyote, na jaribio la kupinda likakuambia boriti ni nzima. Kwa hiyo nikisoma kwamba boriti yenye mabaki asilimia 30 imebeba sawa na ile ya mchanga mtupu, nashukuru kwa taarifa, ila najua nimeambiwa zaidi habari za chuma kuliko za mabaki. Maswali yanayolihusu zege lenyewe ni mengine: uwezo wake karibu na nguzo, ambako boriti hukatika kwa mshazari bila kutoa taarifa, kiasi kinacholegea na kushuka katikati kadiri miaka inavyokwenda, jinsi linavyozishika nondo, na maji na chumvi vinapenya kwa kasi gani hadi kuzifikia.

Halafu kuna tofauti ya maabara na saiti. Mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu husagwa laini sana ili dhahabu itoke, na sehemu kubwa yake hupita kwenye chujio la tundu la mikroni 75. Mchanga wa ujenzi punje zake huanzia huko na kufika hadi karibu milimita 5. Kitu laini kina eneo kubwa la kulowana, kwa hiyo zege linakuwa zito na halitembei. Maabara wana jibu la hilo: wanapima maji kwa gramu na kutia dawa ya kulainisha zege. Saiti nyingi za Tanga mchanganyiko unapimwa kwa ndoo, moja kwa mbili kwa nne, na zege likigoma kuingia kati ya nondo jibu ni ndoo nyingine ya maji. Simlaumu fundi, maana boksi lina nondo zilizobanana, hana vaibreta ya kutikisa zege lishuke, na tajiri amesimama pembeni anaangalia saa. Lakini ndoo hiyo moja ya ziada ndiyo inayoacha vitundu vidogo ndani ya zege lililokauka. Liko pia suala la uzito. Utafiti ukisema asilimia 30 mara nyingi unamaanisha kwa uzito, na mabaki ya machimbo ya chuma ni mazito kuliko mchanga. Ukiyageuza kuwa ndoo bila kupima, umepata mchanganyiko mwingine kabisa, ambao haukujaribiwa na mtu yeyote.

Na Tanga si mahali pa kuvumilia zege lenye vitundu. Nenda Raskazone ukatazame kwa chini vibaraza vya nyumba za zamani zinazotazamana na bahari. Utaona mstari wa ufa unaofuata nondo kwa urefu wake wote, rangi ya kahawia inavuja kama machozi kwenye chokaa, na mwisho kipande cha zege cha upana wa kiganja kimebanduka na kuacha nondo nje, imeliwa hadi imebaki nusu ya unene wake. Zege lile halikuwa na mabaki ya mgodi hata chembe. Lilikuwa na mchanga, pengine wa baharini, na kifuniko chembamba juu ya nondo, na chumvi ikafanya kazi yake. Chumvi ikiifikia nondo, kinga ambayo saruji huipa chuma inavunjika. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo inalipasua zege kutokea ndani. Kipimo halisi cha mchanga mbadala kwa mji wetu ni hiki, na hakichukui siku 28. Haki ya kusema inanilazimu niongeze kwamba tafiti nyingine zinaonyesha mabaki laini, yakiwa kidogo na maji yakidhibitiwa, yanaziba matundu na kulifanya zege lisipenyeke. Naamini ni kweli. Ila masharti yake mawili, kidogo na maji kudhibitiwa, ndiyo hasa yanayokosekana saiti.

Jambo la tatu ni kilichomo ndani ya mabaki yenyewe. Miamba ya dhahabu mara nyingi huwa na madini ya salfaidi, yaani yenye salfa, hasa pairaiti na mwenzake mbaya zaidi, pirotaiti. Yakipata hewa na unyevu yanaoza na kutoa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ikikutana na saruji inazaa fuwele zinazovimba. Zege linapasuka lenyewe, polepole, hata kama halijabebeshwa kitu. Hii si nadharia. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, maelfu ya nyumba zimepasuka misingi kwa sababu kokoto la chimbo moja lilikuwa na pirotaiti. Nyingi zilianza kuonyesha nyufa baada ya miaka 10 au 20, wenye nyumba wakiwa bado wanalipa mkopo wa benki. Ireland nako, kaunti ya Donegal, kuna familia zilizobomoa nyumba zao hadi chini kwa sababu ya matofali yenye madini mabaya. Ndiyo maana kanuni ya Ulaya ya kokoto na mchanga wa zege, EN 12620, inaweka ukomo wa salfa wa asilimia 1 ya uzito, na ikigundulika pirotaiti ukomo unashushwa hadi asilimia 0.1. Zege la misingi ya Connecticut lingepimwa siku ya 28 huenda lingefaulu.

Lakini mfano huohuo unaivunja hoja ya upande wa pili, na hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia: kwamba taka ni taka, haiwezi kubeba ghorofa. Kokoto la Connecticut halikuwa taka. Lilikuwa bidhaa safi iliyouzwa kwa risiti. Kinachofaa na kisichofaa hakiamuliwi na jina la lundo kilikotoka. Mifuko mingi ya saruji tunayonunua madukani si klinka tupu, yaani mawe yaliyochomwa ambayo ndiyo moyo wa saruji. Saruji ya kundi la CEM II huruhusiwa kuwa na kati ya asilimia 6 na 35 ya vitu vingine, yakiwamo mawe ya chokaa ya kusagwa, majivu ya volkano, au majivu ya mitambo ya makaa ya mawe, ambayo huko yalikoanzia yalikuwa yanatupwa. Watu wanajengea saruji hiyo kila siku na nyumba zimesimama. Anayekataa mabaki yote kwa pamoja kwa sababu ni mabaki anatumia kipimo kilekile kibovu cha anayeyakubali yote kwa pamoja kwa sababu boriti moja ilifaulu. Wala nisieleweke kwamba wenye hofu hawana sababu. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Hayakuanguka kwa sababu ya mabaki ya machimbo, lakini yanaonyesha kwamba usimamizi wetu wa vitu vilivyozoeleka bado una mianya. Kuongeza kitu kisichozoeleka juu ya mianya hiyo ni jambo la kuogopwa kwa haki.

Wanaotetea mabaki wana hoja yenye uzito kuliko ile ya bei, nayo ni ya mabwawa ya tope sumu. Januari 2019 bwawa la Brumadinho, Brazil, lilipasuka na kuua watu 270. Kwetu, Novemba 2022, kingo za bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui zilivunjika na tope likafunika mashamba na makazi ya watu Shinyanga. Kila tani ya tope inayopata kazi nyingine ni tani isiyongoja kupasua ukingo. Hoja hii naikubali, ila naiuliza swali la jiografia. Kutoka Geita hadi Tanga ni zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara. Mchanga ni bidhaa ya bei ndogo na uzito mkubwa. Ukiupakia kwenye lori kwa umbali huo, dizeli imekula faida yote kabla ya kufika Singida. Mabaki ya Geita yanapaswa kutafutiwa kazi Geita na Mwanza. Na kazi ipo: mgodi wa Bulyanhulu kwa miaka mingi umekuwa ukichanganya mabaki yake na saruji na kuyarudisha chini ya ardhi kujazia mashimo yaliyochimbwa. Hakuna nondo ya kulinda huko, hakuna upepo wa bahari, na hakuna safari. Hayo ndiyo matumizi ninayoyaona yamefikiriwa vizuri, ingawa hayavutii macho kama boriti.

Yaliyo karibu na Tanga ni marudio ya wachimbaji wadogo wa Kilindi na Handeni, na hapa naomba tuwe wakali. Kwenye mgodi mkubwa kuna mtaalamu anayepima mwamba kila siku. Unaweza angalau kumuuliza leo salfa ni kiasi gani. Marudio ya mwaloni, pale wachimbaji wadogo wanapochenjulia dhahabu, yametoka mashimo tofauti, yamesagwa kwenye makarasha tofauti, yamepitishwa zebaki, na baadhi yake yamenunuliwa tena na kulowekwa kwenye sayanidi ili kuvuna dhahabu iliyobaki. Rundo moja linaweza kuwa na tabia tano. Saruji ina uwezo wa kuzifunga metali kadhaa zisitoke, lakini zebaki ikiwa katika hali yake ya kimiminika haishikwi vizuri na saruji peke yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Itakuwa ajabu tuiondoe mwaloni na kuihamishia kwenye kuta za vyumba. Nikumbushe pia kwamba nyumba hubomolewa. Vifusi vyake hujazia mashimo ya barabara za mitaa, na watoto huchezea hapohapo. Mwenye lori atakayeona kwamba marudio ni bure na mchanga ni pesa hatasubiri utafiti, na hili ndilo linalonisumbua zaidi ninaposikia kauli kwamba imethibitishwa kuwa mabaki ya machimbo yanafaa. Kauli hiyo, ikikatwa namna hiyo, ni ruhusa kwake.

Sasa njoo Pongwe, Amboni na Maweni. Ukanda huu umekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mwamba huo, na viwanda vya saruji vilifuata mwamba huohuo. Kila jiwe likipondwa kuwa kokoto, sehemu yake inatoka ikiwa vumbi na chenga zisizofika ukubwa wa kokoto. Vumbi hili linauzwa tayari kwa wafyatua matofali, na mengine yanabaki malundo yanayopeperuka kwenye paa za majirani kiangazi na kutiririka mitaroni masika. Halijapitia zebaki wala sayanidi. Kwa kawaida ya mawe ya chokaa, salfaidi ni kidogo. Umbali wake na saiti za jiji ni safari fupi ya tipa. Kasoro zake zinajulikana: punje zina kona kali, hivyo zege linakuwa gumu kulitandaza, vumbi laini mno linaweza kuzidi, na mawe yetu ya chokaa yana nyufa zilizojaa udongo mwekundu, ambao chimbo lisiposafisha juu vizuri unaingia kwenye mashine pamoja na jiwe. Udongo huo ndio adui, kwa sababu unavimba na unazuia saruji isishike. Unapimika kwa kipimo cha rangi ya bluu ya methilini, ambacho hakihitaji mtambo wa gharama. Na kanuni za kulinganisha zipo. BS 882 ya Uingereza iliruhusu vumbi laini hadi asilimia 16 katika mchanga wa mawe ya kusagwa kwa matumizi ya kawaida, wakati kwa mchanga wa asili ukomo ulikuwa asilimia 4, kwa kuwa ulaini wa mtoni mara nyingi ni udongo na ulaini wa jiwe ni jiwe.

India imekwenda mbele zaidi, na ningependa Shirika la Viwango, TBS, wautazame mfano wake kwa makini kwa jinsi ulivyoandikwa. Kanuni yao IS 383, toleo la 2016, haisemi mabaki yanafaa au hayafai. Inataja kila kitu kwa jina na kazi yake. Takataka ngumu inayobaki shaba ikiyeyushwa inaruhusiwa kuchukua nafasi ya mchanga hadi asilimia 40 kwenye zege lisilo na nondo, na asilimia 35 kwenye zege lenye nondo. Ile inayobaki chuma ghafi kikiyeyushwa ni asilimia 50 na 25. Ile inayobaki katika kutengeneza feleji, yaani chuma kama cha nondo, ni asilimia 25 kwenye zege lisilo na nondo, na penye nondo hairuhusiwi kabisa. Takataka hizi zinafanana kwa macho ya mpita njia, lakini mwandishi wa kanuni amezitenganisha, na amelitenganisha zege la sakafu na zege la boriti. Marudio ya dhahabu hayamo kwenye orodha hiyo hata kwa asilimia moja.

Kwa Tanga hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Vumbi la kokoto liendelee na lipanuliwe kwenye matofali, vigae vya njia, kingo za mitaro na sakafu, likiwa na cheti cha chimbo kinachoonyesha ulaini, udongo na salfa, na kipimo kirudiwe kila uso wa mwamba unaochimbwa unapobadilika. Kwenye boriti na nguzo lianze pale tu zege linapochanganywa kwa mizani, chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa sehemu ya mchanga na si wote. Wakati huohuo zimwagwe boriti za majaribio, zenye nondo za kweli na kifuniko cha kweli, ziwekwe nje karibu na bahari, nyingine za mchanga wa mtoni na nyingine za vumbi, zikatwe kila baada ya miaka kadhaa kuona chumvi imefika wapi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gati moja, na sioni kwa nini miradi inayomimina zege kwa maelfu ya mita za ujazo pwani hii isiachie vipande kadhaa kwa kazi hiyo. Halmashauri ya Jiji nayo inaweza kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kibali cha ujenzi, mwenye nyumba na mhandisi wake waandike mchanga unatoka chimbo au mto gani na waambatanishe cheti. Mstari huo utamsumbua mwenye lori la marudio kuliko semina yoyote, na utamlinda pia anayechota mchanga halali, ambaye leo anashindana na asiyejulikana alikochota. NEMC, yaani baraza la mazingira, na Tume ya Madini, kwa upande wao, wana kazi ya kuyafuata marudio ya Kilindi hadi yanakoishia, na kuyapatia mahali pa kukaa kabla soko la ujenzi halijayapatia.